Tyson Abaki Ukutani au Apakwe Rangi?

Tangu bondia Mike Tyson apoteze kwa pointi mbele ya Jake Paul, Novemba 15, 2024 huko Texas, akiwa na miaka 58, barua za wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini kumhusu hazijakatika. Tumechagua tano.

Shikamooni wahariri. Klabu yetu ya ngumi hapa Mwanjelwa ina vijana zaidi ya 20, sita kati yao wasichana. Fundi ametuchorea Tyson ukuta mzima. Mama mmoja anayemleta bintiye mazoezini amesema hamwachi mtoto wake chini ya picha ya mbakaji. Walimu wamegawanyika. Tufute? – Katibu wa klabu, Mbeya

Marahaba, katibu. Mama huyo hajakosea, na msimjibu kwamba hayo ni ya zamani. Februari 10, 1992, mahakama ya Indianapolis ilimtia Tyson hatiani kwa kumbaka msichana wa miaka 18. Alihukumiwa kifungo cha miaka 6, akatoka Machi 25, 1995, baada ya kukaa ndani pungufu kidogo ya miaka mitatu. Siku zote amekana, lakini rufaa yake iligonga mwamba. Kwa hiyo hilo ni neno la mahakama, si la kijiweni.

Walimu wanaotaka picha ibaki nao wana hoja. Novemba 22, 1986, Las Vegas, Tyson alimlambisha sakafu Trevor Berbick katika raundi ya pili, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia: miaka 20 na miezi minne. Hadi leo hakuna aliyeivunja rekodi hiyo. Kufikia Agosti 1987 alikuwa na mikanda ya mashirika makubwa ya ngumi, WBC, WBA na IBF, kwa pamoja, jambo ambalo hakuna bondia wa uzito huo aliyekuwa amelifanya.

Ushauri wetu: msifute, punguzeni. Picha inayomeza ukuta mzima haielezi kitu, inasifu tu. Bakizeni kichwa na mabega, kama sentimita 60 kwa 90, na sehemu inayobaki pakeni nyeupe. Kama fundi alitumia rangi ya mafuta, piga msasa kwanza, la sivyo rangi ya maji itabanduka kabla ya mwezi kuisha. Pakeni mikono miwili, na kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai mkono wa pili usubiri hadi kesho yake. Maandishi yawe usawa wa macho, jina kwa herufi za sentimita 4, mengine yote kwa ukubwa mmoja wa sentimita 2 na nusu:

*MIKE TYSON. Alizaliwa Juni 30, 1966, Brooklyn, New York. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 20, 1986. Alipoteza ubingwa Tokyo, Februari 11, 1990. Alitiwa hatiani kwa ubakaji na kufungwa, 1992. Alimng'ata sikio Evander Holyfield, Juni 28, 1997. Alinyang'anywa leseni na kutozwa faini ya dola milioni 3. Aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Ngumi, Canastota, 2011.*

Fuateni tarehe, si utamu. Kosa la kawaida ni kupanga mikanda juu na jela chini kwa herufi za sisimizi. Kosa la pili ni kuandika "alikuwa na matatizo", maneno yanayoweza kumhusu hata mtu aliyechelewa kulipa kodi ya nyumba. Andikeni kosa kwa jina lake. Kisha mwiteni yule mama asome kabla rangi haijakauka.

Kuna njia nyingine, ya kusema machache. Sonny Liston, bingwa wa mwaka 1962 hadi 1964, alijifunza ngumi gerezani Missouri na alikutwa amekufa nyumbani kwake Januari 1971. Kaburi lake Las Vegas lina jina lake, miaka yake, na maneno yenye maana ya "Mwanamume" basi. Kwa kaburi yanatosha. Ukuta wa klabu unasomwa na mtoto wa miaka 12 asiyejua lolote kuhusu mtu huyo.

Hapa stendi ya Makambako tunabishana: Tyson kapigana mapambano 58 au 59? Na mwenzetu anasema alimaliza asilimia 88 kwa KO. Soda ziko mezani. – Wapiga debe

Ni 59: ameshinda 50, kati ya hayo 44 kwa KO (mpinzani akashindwa kuendelea kabla ya raundi kuisha zote), amepoteza 7, na mawili hayana mshindi. Anayesema 58 ameacha kulihesabu la Jake Paul, ambalo Texas ililiidhinisha kama pambano la kulipwa, ingawa lilikuwa la raundi 8 za dakika mbilimbili kwa glovu za aunsi 14. Lile la Roy Jones Jr. la Novemba 2020 lilikuwa la maonyesho, halimo.

Mawili yasiyo na mshindi ndiyo huwapotosha watu. Oktoba 1999 Tyson alimpiga Orlin Norris baada ya kengele ya raundi ya kwanza, Norris akashindwa kuendelea. Oktoba 2000 Andrew Golota aligoma kurudi ulingoni, Tyson akatangazwa mshindi, kisha kipimo kikaonyesha bangi na matokeo yakafutwa.

Asilimia 88 ni KO 44 ukigawanya kwa ushindi 50. Ukigawanya kwa mapambano yote 59 unapata karibu 75. Kwa hiyo kila mtu amnunulie mwenzake soda. Ila hesabu inayomweleza Tyson vizuri zaidi ni kuikata rekodi mlangoni pa Tokyo, alikopoteza ubingwa mwaka 1990. Kabla ya hapo: mapambano 37, ushindi 37, KO 33. Kuanzia usiku ule: mapambano 22, ushindi 13, vipigo 7, mawili bila mshindi. Ni mabondia wawili wenye jina moja.

Kamwene. Baba yangu hapa Kihesa anashikilia kwamba Tyson aliibiwa Tokyo, kwamba Buster Douglas, aliyempiga huko, alihesabiwa kwa mwendo wa kobe. Anasema kweli? – Iringa

Kamwene. Mzee ana nusu ya ukweli. Mwishoni mwa raundi ya nane Tyson alimwangusha Douglas kwa ngumi ya kuinua kutoka chini. Kwa kawaida mtunza muda huanza kuhesabu mara mgongo unapogusa sakafu, refa humpeleka mpigaji kona isiyo na mtu, halafu anaichukua hesabu pale ilipofikia. Refa Octavio Meyran hakuichukua. Alianza moja yake mwenyewe. Douglas alisimama refa aliposema tisa, huku saa ikionyesha kama sekunde 13 au 14 zimepita.

Lakini bondia aliyeanguka hufuata sauti ya refa, si saa ya mtu aliyekaa nje ya kamba. Mabondia wenye akili hupumzika hadi nane makusudi, na Douglas aliamka alipoambiwa tisa. WBA na WBC zilisita kwa siku chache kumtambua, watu wakapiga kelele, zikamtambua.

Ambalo mzee halisemi ni dakika zote kabla ya hapo. Douglas alikuwa na mkono unaofika sentimita 211, Tyson 180. Tofauti ya sentimita 31 unaifuta kwa kichwa kinachoyumba na miguu inayoingia ndani. Tyson aliingia wima, akisubiri ngumi moja ya kumaliza kazi. Kevin Rooney, kocha aliyekuwa akimfokea kila kichwa kilipotulia, alikuwa amefukuzwa mwaka 1988. Cus D'Amato aliyemlea na kumfundisha alifariki Novemba 1985, mwaka mmoja kabla ya ubingwa. Kona ya Tokyo haikuwa hata na kile kipande cha chuma kinacholazwa kwenye barafu na kukandamizwa juu ya uvimbe. Walijaza maji baridi kwenye kifuko cha mpira na kumshikishia jichoni, jicho likafunga. Mpiganaji asiyeona kwa jicho la kushoto haioni ngumi ya kulia ya mpinzani, na Douglas alikuwa na nzuri.

Hadi raundi ya tisa jaji mmoja alikuwa na 88–82 kwa Douglas, mwingine 87–86 kwa Tyson, wa tatu 86–86. Kadi hizo ni za ajabu kuliko hesabu ya Meyran, na zingefaa zaidi kulalamikiwa. Raundi ya kumi Douglas alimmaliza Tyson kwa KO, kadi zikawa hazina kazi.

Tyson alizipeleka wapi fedha zake? – Njombe

Inakadiriwa alipata zaidi ya dola milioni 300, na Agosti 2003 akaomba mahakama imtangaze mufilisi akiwa na madeni ya kama milioni 23. Matumizi yake tunayajua: majumba, magari, chui milia. Lakini alimshtaki pia promota wake, Don King, kwa kula fedha zake, na kesi ikaisha mwaka 2004 kwa malipo ya dola milioni 14. Kijana anayesaini pambano Njombe leo aulize mambo matatu kabla ya kushika kalamu: kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya mgawo wa meneja na kocha, nani analipa nauli na vipimo vya afya, na pambano likiahirishwa analipwa nini. Abaki na nakala yenye sahihi.

Mugonile. Mimi ni mwalimu Tukuyu. Vijana wangu wanaangalia video za Tyson na kuiga kuyumba, kisha wanapigwa kuliko zamani. Wanakosea wapi?

Tugonile, mwalimu. Wanaiga kiuno badala ya magoti. Anayejikunja kiunoni anatazama sakafu, na anayetazama sakafu hula ngumi ya kutoka chini.

Anzeni na mkao. Glovu ziguse mashavu, viwiko vibane mbavu, kidevu chini, miguu upana wa mabega. Tyson ana sentimita 178 tu, hivyo mtindo huu aliofundishwa na D'Amato ulikuwa wa kumfikisha mtu mfupi karibu akiwa salama. Unamfaa mfupi mwenye miguu yenye nguvu. Kijana mrefu mfundishe kutumia jebu, ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, usimkunje.

Kisha shona mfuko wa turubai wenye ukubwa wa ngumi mbili, ujaze nusu kilo ya mahindi makavu, uuninginize kwenye boriti kwa kamba, usawa wa pua. Usukume uende na kurudi. Unapokuja, kijana apinde magoti na kukipitisha kichwa upande kwa upana wa kiganja tu, kama anachora U, macho yasiuache. Akizidisha upana, atachelewa kurudi kupiga. Dakika 2 kwa watoto, 3 kwa wakubwa, pumziko dakika 1, raundi tatu. Kila akikwepa mara mbili, apige mara moja, na baada ya kupiga kichwa kihame. Hapo ndipo wengi husimama kuangalia walichokifanya, na ndipo wanapopigwa. Kwa baridi ya Rungwe, kabla ya yote waruke kamba dakika 10 na masweta yao, wavue jasho likianza.

Ukishindwa kununua begi la kupigia ngumi, zungushia magodoro chakavu kwenye nguzo, funga kwa kamba, na chora namba kidevuni, mbavuni na kwenye ini. D'Amato alikuwa na la namna hiyo: kocha anataja namba, bondia anapiga bila kufikiri.

Usijaze mchanga kwenye mfuko mdogo, unavunja pua. Na mahindi yabadilishe kila baada ya wiki chache. Kwa unyevu wa Tukuyu yanaota ukungu, na yakiingia fukusi mfuko unapungua uzito bila wewe kujua.