Vunjajungu hapigwi picha kutokea juu

Wadogo zangu mnaoanza picha za wadudu hapa Mwanza, miezi yangu ya kwanza niliipoteza nikimwinamia vunjajungu kama mtu anayechungulia sufuria. Nikapata migongo na majani tu. Lala chini, kifua kwenye nyasi, lenzi iwe usawa wa macho yake. Hapo ndipo utamwona mwindaji: miguu ya mbele imekunjwa, miiba inaonekana, kichwa kinakugeukia.

Machoni utaona nukta nyeusi inayokufuata kila unaposogea. Si mboni. Jicho lake ni vijicho vingi vilivyopangwa pamoja, na vile vinavyokuelekea sawasawa vinameza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana pale panakuwa peusi. Nukta ikitokea kwenye macho yote mawili, ujue macho yote mawili yanakuona. Fokasi iwe hapo hapo. Ukiwa karibu kabisa, hata f/11, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, inakupa milimita chache tu zenye ukali, kwa hiyo achana na kuzungusha pete ya lenzi: sogeza mwili mbele na nyuma polepole huku ukipiga mfululizo. Naye atakuwa anayumba; ndivyo anavyopima umbali.

Toka saa moja asubuhi. Jua likishapanda, upepo wa ziwani unaanza, na jani likitikisika kidogo tu umemkosa. Usiku nenda kwenye taa za nyumba za ufukweni. Vile vijidudu vinavyopanda juu ya ziwa kama moshi hujazana pale, na vunjajungu huwafuata. Akishanasa kimoja hana habari na wewe, anatafuna tu. Flashi ifunike kwa karatasi nyeupe, la sivyo mgongo wake utang'aa kama bati.

Kwenye matete usisimame majini, kichocho kipo.

Wapo wanaomweka mdudu kwenye friji ili atulie. Mimi sikubali, na picha zenyewe hunionyesha mdudu aliyelegea. Kumhamisha kwa vidole nako niliacha. Jina lake limetokana na imani kwamba ukimgusa, chombo utakachoshika baadaye kitavunjika. Nilicheka, nikamhamishia mmoja kwenye mwanga mzuri huko Igombe. Chungu sikuwa nacho siku ile. Kilichoniponyoka kikapiga jiwe ni flashi.