Mtoto anayegeuza shingo kila kijiko

Mwanangu alipotimiza miezi sita, kila kitu kilikuwa tayari: kibakuli, kijiko kidogo, unga umeshachekechwa. Sikufikiria mahali pa kumlishia. Nilimlisha barazani, maana hapa Shangani, Mtwara, ndipo tunaposhinda jioni upepo wa bahari ukianza. Bodaboda ikipita, shingo inageuka. Kuku akiparua chini ya mwembe, shingo inageuka. Watoto wa jirani wakirudi kutoka ufukweni, mwili mzima unawafuata na uji unaishia sikioni.

Mama mkwe, aliyelea watoto saba kule Mikindani, alinionea huruma. Akamlaza mapajani, akamkingia kiganja mdomoni, akammiminia uji. Wengi wetu huku Kusini tumekuzwa hivyo, na alifanya kwa mapenzi. Lakini mtoto alipaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kwa siku tatu akikiona tu kile kibakuli anakaza midomo. Nilimwambia, "Mama, naomba tusimnyweshe tena hivi," akanikubalia. Nawe nakusihi: mtoto anayelia huku ana chakula mdomoni anaweza kukivutia kwenye njia ya hewa. Na hata asipopaliwa, anajifunza kuogopa kula.

Nikahamia chumbani. Nilichukua beseni pana, nikalizungushia khanga mbili ndani ili asiyumbe, nikamkalisha akiutazama ukuta, mimi mbele yake. Redio nikazima. Simu nikaiacha chumba kingine. Najua kina mama wengi wanamwekea mtoto katuni ili afungue mdomo, na kweli anafungua, ila anameza bila kujua kama ameshiba. Mimi hilo sikulitaka. Nilitaka anitazame usoni, nami nikawa nakula naye kutoka sahani yangu, natafuna taratibu aone.

Lililosaidia kuliko yote ni kijiko cha pili. Kimoja changu, kimoja chake. Anakigonga kwenye beseni, anakilamba, anakitupa, nakiokota na kukiosha. Mkono ukiwa na kazi, macho yanatulia. Nakileta changu karibu na mdomo, nasimama hapo, nangoja. Akifungua, naweka. Akigeuka, narudisha mkono, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, najaribu tena. Akigeuka mara tatu, tumemaliza. Dakika kumi na tano au ishirini zinatosha. Na nilijifunza kuiwahi njaa: akishachoka au akishaanza kulia, hata ubwabwa wa nazi hautaki.

Tazama na uzito wa chakula. Uji wangu wa mwanzo ulikuwa maji. Muuguzi wa kliniki alinielekeza uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kutiririka. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo hata akila vijiko vichache viwe na kitu ndani. Tulianza na vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, tukapanda polepole hadi nusu kikombe. Ziwa linaendelea, usiliachishe.

Vyakula vizuri tunavyo hapahapa. Samaki wa kuchemsha, nikamtoa miiba kwa vidole mara mbili, nikamponda na ndizi au kiazi. Dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa. Choroko zilizoiva zikalainika, yai, papai, tui kidogo kwenye mchicha. Chumvi na sukari sikumtilia, na asali si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Korosho nilisaga laini kabisa, nikaanza na chembe kwenye uji, asubuhi, ili mchana kutwa nimwangalie kama anatoka upele, anavimba midomo au anatapika. Nzima au vipande usimpe. Hata akishaota meno zinaweza kumkaba. Karanga na mahindi yakionyesha ukungu, tupa, usiseme moto utaua. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Chakula kipya nampa kimoja kwa siku kadhaa. Akikitema leo, kesho namrudishia. Boga alilikataa zaidi ya mara nane, siku moja akala kama hajawahi kulikataa.

Kama mtoto wako anapaliwa kila mlo, anakataa hata ziwa, au mstari wa uzito kwenye kadi umelala ama unashuka, usiendelee kujaribu mbinu nyumbani. Mpeleke kliniki. Utundu ni jambo moja, ugonjwa ni jambo jingine, na kwa macho tu ni vigumu kuvitofautisha.

Wangu sasa ana miezi tisa. Mchana bado tunakula chumbani kwenye beseni letu, na mama mkwe ndiye anayesaga korosho. Jioni nimeanza kumtoa tena barazani, kwa vijiko vitano vya mwanzo tu. Bodaboda bado anaigeukia. Ikishapita, anarudi.