Sarara au ribai? Jibu langu kwa mdogo wangu wa Lindi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Lindi mjini. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nafungua grili yangu huku Lindi, mtaji ni mdogo na friji ninayo moja tu. Nimeona picha za sahani ulizowaandalia wageni wa mnada wa korosho. Naomba unisaidie, nianze na fileti au nianze na ribai? Maana zote mbili bei yake imechangamka."

Marahaba mdogo wangu. Hizo ni steki mbili za ng'ombe, na jibu fupi ni kwamba anza na ribai, ila usiinunue kabla hujaona kichwa cha ng'ombe ilikotoka. Jibu refu ndilo hili, na najua wapo wengi wenye ndoto kama yako, kuanzia Kilwa Masoko mpaka Masasi, ndiyo maana naliweka hapa wote mlisome.

Tuanze na nyama zenyewe. Fileti, au sarara kama wengi wetu tunavyoiita, imelala upande wa ndani wa uti wa mgongo, kiunoni, jirani na figo. Ng'ombe akitembea, akikokota, akipanda mlima, msuli ule haupati kazi ya maana, na ndiyo sababu ni laini. Mafuta hauna, nyuzi ngumu hauna. Ziko mbili tu kwa ng'ombe mzima, na kwa hawa ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, ukishazisafisha na kutoa ule utando mweupe, zote mbili hazifiki kilo 4. Ribai inatoka mgongoni juu ya mbavu, tuseme kuanzia ubavu wa 6 hadi wa 12, maana ng'ombe ana jozi 13. Ukikata kipande chake utaona jicho la nyama katikati, na juu yake msuli mwingine umelizunguka upande mmoja kama kofia, kati yao kuna utepe wa mafuta. Hiyo kofia ndiyo nyama tamu kuliko zote kwenye ng'ombe, hilo nitalisema mbele ya mpishi yeyote. Mafuta yakianza kuyeyuka kwenye moto, yanapita ndani ya nyama, na harufu yake inamfikia mteja kabla sahani haijatoka jikoni.

Sarara inasifiwa kwa ulaini. Ribai inasifiwa kwa ladha. Watu wetu wanalipia ladha.

Sasa nikueleze nimeyajulia wapi haya. Kipindi kile cha gesi, miaka ya 2012 hadi 2014, Mtwara ilijaa wageni na kila mwenye kitanda alikuwa na mpangaji. Mimi nilikuwa msaidizi wa jikoni kwenye hoteli moja ambayo sitaitaja. Nyama ya steki ilikuwa inaletwa kutoka Dar es Salaam ikiwa imeganda, inavuka Daraja la Mkapa kule Rufiji, zaidi ya kilomita 550 ndani ya maboksi. Mpishi mkuu alikuwa na msemo wake: ng'ombe wa Kusini ni wa mchuzi. Alikuwa anausema mbele yetu sote, sisi watoto wa huku, tukiwa tumeshika visu vyake. Na ukweli ni kwamba zamani ng'ombe huku walikuwa wachache kwa sababu ya mbung'o. Utotoni kwangu kitoweo ni samaki au pweza, nyama ya ng'ombe ni Idi na harusi. Lakini baada ya wafugaji kuhamishwa kutoka bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walishuka na mifugo yao Kilwa na Lindi. Nyama ikawa ipo, tena ya ng'ombe wanaokula majani mabichi. Aliyekuwa hajui ni yule mpishi mkuu.

Siku moja gari la nyama likakwama njiani, na jioni ile kulikuwa na meza kubwa ya wageni. Nikaomba ruhusa, nikapewa kwa kunung'unikiwa. Nikaenda bucha, nikakuta maksai kijana ndiyo kwanza ameletwa kutoka machinjioni, nikachukua nyama ya mgongo juu ya mbavu, pande zote mbili. Nilikata vipande vinene, nikatia chumvi mapema, nikachoma kwenye mkaa badala ya kikaango. Wale wageni walikula, wakaagiza tena, kisha wakaomba kumwona mpishi. Mpishi mkuu akavaa kofia yake safi akatoka yeye. Mimi nilikuwa nyuma nasugua wavu kwa brashi ya waya, nasikia makofi yanapigwa. Hakurudi kuniambia hata ahsante. Miaka imepita na bado nikikumbuka roho inaniuma, sitaki kudanganya. Lakini siku ile ndiyo niliyojua kwamba sihitaji boksi la mtu kutoka Dar.

Turudi kwenye kichwa cha ng'ombe. Mwombe mwenye bucha akuonyeshe meno ya mbele ya taya la chini. Ng'ombe huanza kubadilisha meno ya utoto kwa jozi, na jozi ya kwanza ya meno mapana huja akiwa na umri wa miaka 2 hivi. Akifika miaka 4 na kuendelea anakuwa na meno 8 mapana, yote yamejaa. Ukiona mawili au manne mapana, huyo bado kijana, chukua ribai yake bila wasiwasi. Ukiona manane na yameanza kulika, huyo amekokota jembe au amezaa sana, na ribai yake itakuwa na kano za kumtoa mteja jasho. Siku hiyo chukua sarara, maana sarara ya ng'ombe mzee bado ni laini. Hapo ndipo penye tofauti kubwa ya nyama hizi mbili, na sijaona watu wakiiandika: sarara inasamehe umri, ribai haisamehi. Usihukumu kwa rangi ya mafuta peke yake. Mafuta ya njano yanatokana na majani mabichi pia, si uzee tu.

Halafu kuna suala la shoka. Bucha zetu nyingi nyama inawekwa kwenye gogo, linapita shoka, unapewa mchanganyiko. Ukifika saa 3 asubuhi ribai yako imeshakuwa vipande vya mchuzi. Lazima uongee na mtu wako siku moja kabla na umwachie chochote cha kumtia moyo. Mzee ninayechukua kwake hapa Mtwara mwanzoni alikataa. Aliniambia, "Mama, ukiondoka na mgongo wote, hawa wateja wangu wa mchanganyiko niwape nini?" Nikamwambia, "Mzee wangu, mifupa ya mbavu nabeba mimi kwa bei yako ya mchanganyiko, wewe nitolee mnofu ukiwa mzima tu." Tukaelewana. Ile mifupa ndiyo supu yangu ya asubuhi, inalipa mkaa wa siku nzima. Na kwa hali yoyote ile usichukue nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, hata kama muuzaji ni mjomba wako. Minyoo ya tegu haichagui grili.

Nyama ya alfajiri usiichome mchana. Ng'ombe akishachinjwa misuli yake inakaza ndani ya saa chache, kisha inaanza kulegea taratibu kadiri siku zinavyokwenda. Wala usiitupe kwenye friza ingali na joto, inajikunja na haitalegea tena vizuri. Iache ipoe, ipanguse maji, iweke juu ya wavu ndani ya friji safi yenye ubaridi wa nyuzi 0 hadi 4. Sarara siku 2 zinatosha. Ribai ikikaa siku 4 au 5 inabadilika kabisa, na hapo ndipo ile friji yako moja inapokuwa mtaji. Usichanganye humo na samaki. Nasema hivi kwa sababu najua Lindi ilivyo, utaletewa changu na kolekole kwa bei nzuri utashawishika. Kataa, au nunua deli na barafu uwaweke huko.

Kwenye moto sina siri nyingi. Chumvi iwekwe dakika 40 kabla, au usiku wa jana yake. Papai bichi weka kwenye mishikaki ya paja ukitaka, lakini usithubutu kulipaka kwenye sarara, itakuwa uji. Mkaa ugeuke mweupe juu kwanza. Sogeza mkaa wote upande mmoja, upande wa pili uache mtupu, ili nyama ikishapata rangi uihamishe ikaive polepole. Ribai ikianza kudondosha mafuta moto utaruka, usiumwagie maji, hamisha nyama. Ikitoka, iache ipumzike dakika 5 au zaidi kabla ya kukata.

Sarara mimi naisaidia na nundu. Nundu la ng'ombe wetu lina mafuta yaliyochanganyika na nyama, sehemu nyingine zote hazina kiasi kile. Nakata vipande vyembamba vya nundu nalaza juu ya sarara inapoiva, yanayeyuka yanashuka. Na mezani naipa mchuzi mzito wa korosho: korosho zilizookwa, zisagwe na kitunguu saumu, ndimu, pilipili na maji ya supu. Korosho karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kwa hiyo inaipa sarara kile ilichokosa. Ribai haihitaji mchuzi wowote, chumvi na ndimu inatosha.

Sababu nyingine ya kukwambia uanze na ribai ni wateja wenyewe. Mtu wa Lindi au Mtwara akiona nyama ina wekundu ndani anairudisha, na siwalaumu. Kipande kizima kikifika nyuzi 63 katikati na kikapumzika kinalika salama, ndiyo kiwango ninachowapikia wageni wanaokitaka, na nanunua kipimajoto kuliko kukisia. Lakini wenyeji wengi wanataka iive kabisa. Sarara ikiiva kabisa inakauka inakuwa pamba mdomoni, na umeshailipia bei ya juu. Ribai yenye mafuta yake inavumilia. Unaweza kuipeleka mpaka nyuzi 70 na bado mteja akafuta mdomo akaomba nyingine.

Wale wageni wa mnada wa korosho waliokuvutia wewe kwenye picha, niliwapa zote mbili. Sahani za ribai zilirudi tupu, za sarara zilirudi na mabaki. Mgeni mmoja kutoka Arusha, ambako wanajivunia nyama kweli kweli, aliniita akaniuliza ng'ombe nimemtoa wapi. Nikamwambia Kilwa. Akadhani namtania. Safari hii nilitoka jikoni mimi mwenyewe, na aproni yangu yenye masizi, nikasimama pale mbele yake.

Ndiyo maana nakuomba, wewe na wote mnaofungua vijiwe vya kuchoma huku kwetu, acheni kuandika kwenye bango kwamba nyama yenu inatoka Dar au Arusha. Mnawanyima haki wafugaji waliopo kilomita chache kutoka mlipo, na mnajinyima wenyewe nyama ambayo haijapitia friza tatu. Jifunzeni ng'ombe wenu. Nendeni machinjioni alfajiri mkaone, msitume kijana. Mwenye bucha mheshimuni, mlipeni kwa wakati, yeye ndiye mpishi wenu wa kwanza. Na msaidizi wako wa jikoni akipika vizuri, mgeni akiomba kumwona mpishi, mtoe yeye.

Kuhusu menyu yako: andika ribai kila siku ya Ijumaa mpaka Jumapili, ukiichukua bucha Jumatatu ili ipate siku zake kwenye friji. Sarara iwe ya oda tu, mteja atoe nusu ya pesa siku moja kabla, kwa sababu ziko mbili tu na wenye hoteli nao wanazitafuta. Yale mabaki membamba ya pembeni ya sarara usiyatupe, ni mishikaki ya watoto. Na wiki ukienda bucha ukakuta meno manane, futa ribai ubaoni kwa wiki nzima, uza mishikaki na supu. Mteja atakayeuliza mwambie ukweli kwamba ng'ombe wa wiki hii alikuwa mzee. Atarudi wiki ijayo.