Umemeza P2 na siku zako hazionekani? Hesabu kuanzia siku mliyokutana

Dada wa Manyatta, pole kwa wasiwasi. Unasema ulimeza P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, siku 16 zilizopita, asubuhi baada ya kukutana na kijana wako bila kinga. Siku ya 10 ukapima mimba kwa mkojo, ukaona mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Sasa hedhi imepitisha siku 6 na rafiki yako anataka umeze P2 nyingine "ivute damu". Usimeze. P2 haivuti hedhi, na ya pili itakuvurugia tu hesabu ambayo tayari imevurugika.

Nakwambia hivi kwa sababu mwaka 2019 nilikuwa mahali ulipo. Nilikuwa naishi Kaptembwo, Nakuru, nauza mitumba. Kondomu ilipasuka Jumamosi usiku, nikiwa siku ya 11 tangu nianze kuona damu. Kemisti ya pale mtaani sikuthubutu, mwenyewe anaimba kwaya na mamangu. Jumapili nikapanda matatu mpaka mjini, nikasubiri wateja watoke, nikainong'oneza ile herufi na ile namba. Daktari (si tunawaita hivyo hata kama ni muuzaji) akanipa tembe mbili, akasema moja sasa, nyingine baada ya saa 12. Baadaye nilikuja kuambiwa ningezimeza zote mbili kwa mpigo na ingekuwa sawa.

Kilichonipoteza ni damu kidogo iliyokuja siku ya 6 baada ya kumeza. Matone ya rangi ya kahawa, siku mbili, kwisha. Nikashangilia, nikamtumia mwenzangu ujumbe kwamba tumepona. Kumbe ile haikuwa hedhi. Ni dawa yenyewe inatikisa homoni, na wengi huiona. Tarehe yangu halisi ilipofika, kimya. Siku ya tatu, kimya. Nilikuwa nimepima siku ya 10, kama wewe, na kile kipimo nilikuwa nimekiamini. Sasa nikawa sikiamini tena. Rafiki yangu wa kibanda cha jirani akanishauri soda iliyokolezwa chumvi, mwingine akataja dawa za malaria. Soda nilikunywa. Nilitapika, basi.

Hedhi ilipopitisha wiki nzima nikaenda kituo cha afya. Nesi alikuwa mama mtu mzima, hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Nikaanza kumweleza nimechelewa siku ngapi, akanikata: "Achana na hizo kwanza. Mlikutana lini?"

Swali hilo ndilo nakuletea. Akanieleza kwamba P2 huzuia au huchelewesha yai kutoka. Yai likisogezwa mbele, hedhi nayo inaweza kusogea, kwa hiyo kalenda uliyoandika kabla ya kumeza si ya kutegemea mwezi huo. Wengi huona damu ndani ya wiki moja ya tarehe yao, mapema au kwa kuchelewa. Siku ya kukutana haisogei. Ndiyo ya kuhesabia: siku 21 baada yake, kipimo cha mkojo kinaaminika. Siku ya 10 ni mapema mno, homoni ya mimba huenda haijafika kiasi cha kuonekana, kwa hiyo mstari wako mmoja haujasema lolote bado. Mimi siku hiyo nilikuwa na siku 25. Mstari mmoja. Siku mbili baadaye damu ikaja, nzito kuliko kawaida, nikiwa kwenye foleni ya maji.

Sasa lile ulilolitaja juu juu mwishoni, na kwangu ndilo kubwa. Umesema mlikutana tena siku 6 baada ya kumeza, bila kondomu, kwa sababu alikwambia "dawa bado iko mwilini". Hapana, dada. P2 hushughulikia kilichopita, hailindi kinachofuata. Tena kama yai lilicheleweshwa, huenda lilitoka siku hizo hizo mlizojiona salama. Kwa hiyo hesabu yako haianzi ile siku ya kwanza, inaanza siku 10 zilizopita. Na hiyo ya pili imeshapita siku 5, hakuna P2 wala koili ya dharura ya kuikimbilia. Ya kwanza ilikuwa na nafasi nzuri kwa sababu uliwahi. Kadiri saa zinavyopita ndivyo dawa inavyopungua nguvu, na kama yai lilishatoka haisaidii.

Ulitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza? Unatumia dawa za kifafa, za TB, au ARV yenye efavirenz? Mwambie nesi bila aibu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huipunguza P2 makali. Kuhusu kuogopa ugumba, P2 haileti ugumba. Wangu wa kwanza nilimpata 2022 bila shida. Na kama mimba ipo tayari, P2 haiitoi wala haiidhuru.

Kitu kimoja usikisubirishe: tumbo la chini likikukata sana upande mmoja, au ukasikia kizunguzungu cha kuanguka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Mimba inaweza kutunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo haingoji siku 21.

Vinginevyo, pima kesho asubuhi kwa mkojo wa kwanza. Mistari miwili, hata mmoja ukiwa hafifu, nenda kliniki. Mmoja, subiri siku 11 kutoka leo, upime tena kwa kipimo kingine ambacho tarehe yake haijapita. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha ukitupe. Mimi changu nilikiokota kwenye takataka baada ya saa nzima, nikaona kivuli cha mstari wa pili, nikalia bure hadi jioni.