Urefu wa Jicho la Mtoto: Kipimo Ambacho Mzazi Anapaswa Kukiulizia

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 8 nilipomwona, jioni moja tukisubiri feri Likoni, akifinya macho ili asome bango ambalo mimi nililisoma bila taabu. Kwa miezi kadhaa mwalimu wake wa chuo, yaani madrasa, alikuwa akilalamika kwamba mtoto ananakili kwa mwenzake badala ya ubaoni, nasi nyumbani tukadhani ni uvivu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa tulimkaripia kwa kosa ambalo hakulitenda.

Duka la kwanza la miwani tulilokwenda lilimpima kwa dakika chache na kumpa miwani yenye namba kubwa kuliko aliyoihitaji, kwa sababu hakutiwa matone ya kulegeza misuli ya jicho. Jicho la mtoto lina uwezo mkubwa wa kujikaza, na likijikaza wakati wa kupimwa huonekana lina mayopia, yaani hali ya kutoona vizuri vitu vya mbali, zaidi ya iliyopo. Mzazi asione haya kuuliza kuhusu matone hayo, hata kama mtoto atashinda siku nzima akisumbuliwa na mwanga.

Katika kliniki ya pili ndipo nilipojifunza kwamba namba ya miwani ni nusu tu ya habari; nusu ya pili ni urefu wa jicho lenyewe. Binti yangu aliegemeza kidevu kwenye mashine, akatazama taa ndogo nyekundu, akaambiwa asipepese, na mara karatasi ikachapwa: jicho la kulia milimita 23.94, la kushoto 23.88. Hakuguswa jicho hata kidogo, maana mashine hiyo hutumia mwanga kupima umbali kutoka konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, hadi retina, yaani utando wa nyuma unaopokea taswira.

Mtoto huzaliwa na jicho lenye urefu wa kama milimita 17, nalo hukua kwa kasi katika miaka ya mwanzo, kisha polepole, hadi likafika karibu milimita 23.5 utu uzimani. Likirefuka kupita kiasi kinacholingana na nguvu ya konea na lenzi yake, taswira ya kitu cha mbali huangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Milimita moja ya ziada ni sawa na takriban diopta 2.5 hadi 3 za mayopia (diopta ndiyo kipimo cha namba ya miwani). Miwani husahihisha taswira, lakini haifupishi jicho lililokwisha kurefuka, na retina iliyovutwa hubaki imevutwa. Ndiyo maana macho yanayofikia milimita 26 na zaidi yamo katika hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka au kuharibika katikati yake, hata baada ya miaka mingi.

Hata hivyo, kipimo kimoja kisimtie mzazi hofu. Macho ya wavulana kwa kawaida ni marefu kuliko ya wasichana, watoto warefu wa kimo huelekea kuwa na macho marefu, na konea iliyo bapa zaidi huweza kulibeba jicho refu bila mayopia yoyote. Cha kutazama ni kasi. Katika umri kama wa binti yangu, jicho lisilo na mayopia huongezeka takriban milimita 0.1 hadi 0.2 kwa mwaka. La binti yangu lilisoma 24.13 baada ya miezi sita tu, ongezeko la milimita 0.19 katika nusu mwaka. Nimeziandika namba hizo katika daftari ninaloliweka pamoja na kadi yake ya kliniki, na kila mara tunarudi kwenye mashine ileile ili vipimo vilinganike.

Daktari alimwandikia matone ya atropini yenye nguvu ndogo ili kupunguza kasi ya jicho kurefuka, ya kutiwa usiku, ambayo hayafai kununuliwa bila kuandikiwa. Ndugu walitushauri tumpe miwani yenye namba pungufu ili macho yasizoee. Nilikataa, kwa kuwa utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miwani pungufu iliongeza mayopia badala ya kuipunguza.

Kwa mtoto ambaye bado hajapata tatizo, kinga iliyo karibu zaidi ni mwanga wa nje. Huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, na baada ya miaka mitatu asilimia 30.4 kati yao walikuwa wamepata mayopia, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wenzao. Si lazima mtoto achomwe na jua la saa saba, kwani hata kivuli cha mwarobaini kina mwanga mwingi kuliko sebule ya ghorofani. Sisi tumeupunguza muda wa tuisheni ya jioni, na baada ya alasiri tunawapeleka watoto bustani ya Mama Ngina.

Mwaka mmoja tangu matone yaanze, jicho la kulia la binti yangu limesoma 24.31. Ndugu yake wa miaka 6 anaona vizuri, lakini baba yao amevaa miwani tangu sekondari, na kipimo kilichofanywa kwa matone ya kulegeza misuli kilimpa mtoto huyo diopta +0.50; alama ya kujumlisha ni akiba aliyo nayo jicho kabla ya kuingia mayopia, na katika umri wake akiba iliyo chini ya +0.75 ni dalili ya kufuatiliwa. Ukurasa wake katika daftari una mstari mmoja kwa sasa, nasi tutamrudisha kupimwa likizo ya Agosti.