Jibu: Mkalimani wa lugha ya alama asimame wapi, na wachezaji viziwi washikeje mdundo?

Dada, umeuliza kuhusu onyesho lenu la nyimbo na dansi lenye wasanii na watazamaji viziwi. Mkalimani msimamishe pembeni mwa jukwaa, karibu na wasanii, si kwenye kona ya ukumbi. Mtazamaji kiziwi akilazimika kugeuza shingo, hukosa ama maneno ama mchezo. Viti vya viziwi viwe mbele, upande uleule. Mpe taa yake, ambayo haizimwi hata mkiweka giza kati ya maonyesho. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu fundi wa taa hajaambiwa. Avae nguo isiyo na maua, ya rangi inayotofautiana na ngozi yake. Kwa onyesho la saa mbili tafuta wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi, na wapate maneno ya nyimbo wiki mbili kabla.

Msanii akiimba kwa alama, mambo hugeuka: mkalimani wa sauti, anayegeuza alama kuwa maneno ya kusikika, hukaa mstari wa mbele akimtazama, kipaza sauti mkononi.

Mdundo: sakafu ya mbao, spika za besi zikae juu yake. Zege halitikisiki vya kutosha. Hata hivyo mtetemo peke yake hautoshi. Wachezaji huhesabu, na mtu mmoja huwapa ishara kutoka mbele.

Mmesema jukwaa lina kimo cha sentimita 60. Kwa kitimwendo, uwiano wa 1 kwa 12 (kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu) unataka njia ya mteremko ya mita 7.2. Ule ubao wa mita mbili mliosema fundi wenu ataweka kama mteremko utamwangusha mtu.