Kabla ya Kutaja Utetezi, Msikilize Mteja

Jalada langu la kwanza la jinai lilimhusu mtu aliyeshtakiwa kumjeruhi mwenzake. Nilikesha nikiandaa hoja, na asubuhi nikamkabidhi wakili aliyekuwa ananisimamia kurasa zenye mambo matatu: mshtakiwa hakuwepo eneo la tukio, kama alikuwepo, alikuwa anajihami, na kama hakuwa anajihami, basi alikuwa amelewa. Akasoma, akaniuliza: "Sasa huyu mtu alikuwepo au hakuwepo?" Nilinyamaza. Sikuwa nimemuuliza mteja. Nilikuwa nimekariri aina za utetezi chuoni, nikazimwaga zote mezani.

Wewe unayeanza kazi hii, daftari liweke pembeni kwanza. Mwache mteja aseme hadi amalize, kisha ujiulize anasema lipi kati ya haya: "Sikufanya", "Nilifanya, na nilikuwa na haki", au "Nilifanya, haikuwa sawa, lakini lawama si yangu." Kutokuwepo eneo la tukio ni kauli ya kwanza. Kujihami ni ya pili. Kichaa, utoto na kulazimishwa kwa vitisho ni ya tatu. Tofauti kati ya ya pili na ya tatu utaiona kama mjadala wa wasomi tu, hadi siku utakapomtetea mtu wa pembeni. Aliyemsaidia mtu kujihami kihalali hana kosa. Lakini mwenye akili timamu aliyemchochea mgonjwa wa akili kuua anaweza kutiwa hatiani, hata kama mgonjwa mwenyewe ataondolewa lawama.

Jambo linalowaangusha wengi ni mzigo wa kuthibitisha. Mwaka 1935 Uingereza, kijana aitwaye Reginald Woolmington alikuwa amehukumiwa kwa kumuua mkewe kwa bunduki. Alidai ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliwaambia wazee wa baraza (raia walioitwa kuamua kama ana hatia) kwamba, kifo kikishathibitishwa, ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Rufaa ya mwisho ikamwachia huru, na msimamo ukawekwa: upande wa mashtaka ndio unaothibitisha hatia, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, anayesema alijihami hathibitishi kuwa alijihami. Anatakiwa kuleta ushahidi wa kutosha ili hoja isimame, kisha mashtaka waibomoe bila kuacha shaka ya msingi. Kichaa ndicho kinachotoka nje ya kanuni hiyo: hapo mshtakiwa anabeba mzigo, ingawa kwa kiwango chepesi, yaani kuonyesha tu kwamba uwezekano wa kuwa alikuwa na kichaa ni mkubwa kuliko wa kutokuwa nacho. Nimeona mawakili wazuri wakijitwika mzigo usiokuwa wao, wakamalizia nguvu zao huko.

Umri hauhitaji maneno mengi. Uingereza mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa. Ujerumani ni chini ya 14. Tafuta uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Usichanganye kutojua sheria na kutojua hali halisi. Aliyebeba begi la mwingine akiamini kwa dhati kuwa ni lake hana nia ya wizi. Aliyejua begi ni la mwingine, ila hakujua kwamba kulichukua ni kosa, hana pa kusimama.

Ulevi nao huombwa mara nyingi kuliko unavyosaidia. Aliyekunywa kwa hiari yake husikilizwa pale tu kosa linapodai nia mahususi, kama kuua kwa kukusudia. Katika shambulio la kawaida, glasi alizokunywa hazimwokoi. Na aliyekunywa ili apate ujasiri wa kutenda alichokwisha kupanga, mahakama humchukulia kwa nia aliyokuwa nayo kabla ya kunywa.

Vitisho vina mpaka wake. Katika sheria ya Kiingereza, tangu kesi ya Howe mwaka 1987, huwezi kujitetea kwa vitisho ukishtakiwa kuua kwa kukusudia. Msingi wa fikra hiyo ni wa zamani: mwaka 1884 mabaharia Dudley na Stephens, wakiwa wanakufa njaa katika mtumbwi baada ya chombo chao kuzama, walimuua kijana Richard Parker wakamla. Walihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi 6. Binafsi naamini hukumu ile ilikuwa sahihi, na huruma iliyofuata pia ilikuwa sahihi.

Sasa kichaa, ambako nakuomba uende polepole sana. Kanuni zilitokana na Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi katibu wa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1843. Swali ni kama ugonjwa wa akili ulimzuia mtu kujua anachofanya, au kujua kwamba ni kibaya. Neno "ugonjwa" hapa ni la kisheria, si la daktari. Soma kesi mbili za wagonjwa wa kisukari. Quick, mwaka 1973, alidai kuwa sukari ilishuka baada ya kudunga insulini bila kula vizuri. Chanzo kilitoka nje ya mwili wake, kwa hiyo alichofanya kilihesabiwa kitendo kisicho cha hiari, na hatia ikafutwa. Hennessy, mwaka 1989, sukari ilipanda kwa kukosa insulini. Chanzo kilikuwa ugonjwa wenyewe, na jaji akasema huo ni utetezi wa kichaa. Maradhi ni yale yale, majina ni mawili.

Hennessy aliposikia uamuzi huo alikiri kosa, maana wakati huo aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya kichaa alipelekwa hospitali ya akili bila ukomo wa muda. M'Naghten naye "alishinda" kesi yake, lakini alikufa mwaka 1865 akiwa bado kizuizini, miaka 22 baadaye. Hilo mwambie mteja wako, kwa maneno anayoyaelewa, kabla hajakuruhusu kuandika neno kichaa kwenye karatasi ya mahakama.